Chumvi ya Milola

Daftari lilikuwa safi mno. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomkera Sajini Nasma Likwata, na Nasma akishakereka na kitu hakuwa mtu wa kukaa nacho moyoni.

"Afande," alimwambia mkuu wake, Inspekta Klementi, huku akilisukuma daftari juu ya meza kwa ncha ya kalamu. "Mama yangu ana daftari la mapishi. Ukurasa wa sambusa umegandana na ukurasa wa kalimati tangu niko darasa la tatu. Hili tunaambiwa lina miaka hamsini, tena la muuza vinywaji. Halina hata tone la sukari."

Klementi aliinua macho kutoka kwenye simu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mzaliwa wa milima ya Kipatimu, anayependa kesi iliyonyooka na chai yenye maziwa mengi.

"Labda babu wa watu alikuwa msafi."

"Mpishi huyo, afande?"

"Nasma, nisikilize. Daftari limeandikwa mwaka sabini na nne. Limepotea Lindi, nyumbani kwa mlalamikaji, mwaka elfu mbili kumi na tisa. Mwaka huohuo mtuhumiwa aliacha kazi ya kupika kwenye nyumba hiyohiyo. Limekutwa kwenye pipa la unga la mtuhumiwa, na wewe mwenyewe ndiye uliyelitoa, mkono mweupe mpaka kwenye kiwiko. Unataka nini tena? Jalada linapanda kwa wakili wa serikali Alhamisi. Leo Jumatatu."

Kwa karatasi, alikuwa na haki. Mtuhumiwa, Biasha, alikuwa nje kwa dhamana ya polisi na kila asubuhi alikuja kuripoti, kanga mbili, kimya. Genge lake pale Nangurukuru lilikuwa limefungwa kwa utepe. Na nyuma ya Biasha kulikuwa na wanawake arobaini na moja, kuanzia Somanga mpaka vijiji vya Lindi, wote wakipika soda ileile ya tunda la bungo kwa maelekezo yaleyale waliyoyaandika kwa rangi kwenye kuta zao. Barua ya wakili wa mlalamikaji ilikuwa wazi: Biasha akipatikana na hatia ya wizi wa daftari, kuta zote arobaini na moja zikwanguliwe.

"Nipe mpaka Jumatano," Nasma alisema.

"Jumatano mchana. Sio usiku wa Jumatano, nakujua."

*

Mlalamikaji alikuja saa nne na gari jeupe la mizigo lenye jina la kiwanda chake kidogo cha vinywaji ubavuni. Aliitwa Saad, mtu wa miaka arobaini hivi, manukato yake yakiingia ofisini kabla yake. Dereva alibaki nje kwenye usukani. Kupitia dirishani Nasma aliona rozari ya mbao ikining'inia kwenye kioo cha gari, na dereva mwenyewe akiwa ameinama kama anayetafuta kitu miguuni.

"Karibu Bwana Saad. Maelezo yako ninayo, ila nataka kujaza mapengo. Nihadithie kuhusu babu."

Ukimwambia mtu wa pwani akuhadithie kuhusu babu yake umemfungulia bomba. Saad alijiegemeza kitini.

"Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Kivinje. Kila mzee wa Kivinje anamjua. Miaka ishirini aliuza maji ya bungo sokoni, na hakumwambia mtu siri yake, hata bibi. Aliandika humo tu, kwa mkono wake."

"Maji alichota wapi?"

"Kisima cha uani. Kipo mpaka leo, nyumba ndiyo imeanguka." Saad alicheka. "Dada yangu, kisima kile! Tangu nikiwa mtoto maji yake yana chumvi kama machozi. Chai ya bibi tulikuwa tunaimeza huku tumeziba pua. Lakini bungo la babu, watu walipanga foleni."

Nasma aliandika neno kwa neno. "Na wewe umewahi kulipika?"

"Mimi mtu wa ofisi, afande. Nina watu wa kupika."

"Kwa hiyo hukuwahi kulipika, wala hukuwahi kuliona likipikwa."

"Siri ya ukoo hailazimu uipike ndiyo iwe yako." Alitabasamu. "Nimeshapeleka maombi kuisajili. Kuna mwekezaji anasubiri. Huyu mama ametangaza mali ya watu ukutani kama ratiba ya mpira."

Nasma alimsomea maelezo yake, na Saad akasaini kila ukurasa. Baada ya hapo Nasma alimfungulia daftari na kumwomba asome mwenyewe kwa sauti. Akasoma: maji ndoo ndogo ya lita kumi, mabungo arobaini, tangawizi nusu kilo itwangwe isisagwe, sukari kilo moja, chumvi vijiko viwili vya chai, kikombe cha chachu ya tangawizi. Ziba chupa. Siku mbili, isizidi.

"Siku mbili, isizidi," Nasma alirudia. "Kwa nini isizidi?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa?"

"Nimeona. Nauliza kwa nini."

Saad alitazama saa yake. "Babu alijua mwenyewe."

*

Nangurukuru hailali wala haikai kimya. Mabasi ya Dar na ya Mtwara yanashusha, wauza korosho wanakimbilia madirishani, na kila mtu anajua kesi ya kila mtu. Nasma hakuhitaji kumuuliza mtu njia. Kabla hajashuka kwenye bodaboda mama mmoja wa mihogo alishamwambia kwamba Biasha hajaiba, mwingine kwamba kaiba ila kafanya vizuri, na wa tatu kwamba aliyepiga simu polisi kuhusu pipa la unga ni Sada. Nani mwingine, kwani hawaoni?

Sada alikuwa na genge lake ng'ambo ya barabara, likitazamana na lile lililofungwa. Walianza pamoja na Biasha, wakagombana, wakatengana, na sasa wateja wote walikuwa kwake. Nasma alijipa matumaini. Mtu mwenye kisasi na nafasi ya kuingia jikoni kwa mtuhumiwa: mwenzako wa zamani anajua pipa la unga liko wapi.

"Mdogo wangu, kaa," Sada alisema kabla hajaulizwa. "Najua unachotaka. Wanasema mimi ndiye nimempeleka Biasha polisi."

"Umempeleka?"

"Ningetaka kumkomoa Biasha ningemwibia wateja. Nimeshawaiba, hawa hapa, wahesabu." Benchi zima likaangua kicheko. Sada hakucheka. "Tuligombana kwa sababu yeye anataka kila kitu kiandikwe ukutani na mimi nikamwambia tubakize siri moja tu, japo moja. Akakataa. Sasa mimi napika ya ukutani kama wengine. Ukuta wake ukikwanguliwa, huu wangu nao unakwanguliwa. Nitakula nini?"

"Simu ilipigwa na mwanamume," Nasma alisema, akijaribu bahati.

"Basi si mimi. Ingawa asubuhi sauti yangu inakuwa nzito."

Nasma alifunga kalamu. Rekodi ya simu alikuwa ameshaisikiliza mara mbili, ilikuwa kweli sauti ya kiume, na Sada angekuwa na kazi ya ziada kumtafuta mwanamume ili ajiharibie biashara. Njia ile iliishia hapo, pamoja na glasi ya bungo aliyokaribishwa.

"Hii 'siku mbili, isizidi', dada Sada. Ni ya nani?"

"Yangu hiyo!" Sada alimshika mkono akamvusha barabara mpaka kwenye ukuta wa Biasha.

Ilikuwa mara ya kwanza Nasma kuusoma wote. Juu, kwa rangi ya bluu: BUNGO LA UKUTANI. CHUKUA, PIKA, UZA, MFUNDISHE MWENZIO. UKIBADILI, ANDIKA ULICHOBADILI, JINA LAKO NA SABABU. Chini yake maelekezo, na chini ya maelekezo mistari midogo, kila mmoja kwa mwandiko wake. *Tangawizi itwangwe, isisagwe: mashine inaleta uchungu. Tawakali, Somanga.* Halafu: *Siku mbili, isizidi: Maalimu kauliza habari ya kilevi. Sada, 2021.*

"Watoto wa madrasa walikuwa wanakunywa," Sada alieleza. "Maalimu akaja, akaonja ya siku mbili, akasema haina neno. Akaonja ya siku tano, akarudi nyumbani akiimba kasida ambayo haipo. Ndiyo nikaandika."

Nasma alisoma maelekezo tena, kidole ukutani, mstari kwa mstari. Halafu mara ya tatu.

"Chumvi iko wapi?"

Jibu lilitoka nyuma yao. Biasha alikuwa amesimama kwenye kivuli cha genge lake lililofungwa, mikono ndani ya kanga. "Chumvi? Kwa maji ya huku?"

"Shikamoo, dada Biasha."

"Marahaba. Chota hapo kwenye ndoo, uonje."

Nasma alionja. Ladha ya chumvi ilibaki kwenye kingo za ulimi, ile ambayo watu wa Kilwa wameizoea hadi hawaisikii.

"Mimi sitii chumvi," Biasha alisema. "Chumvi ni ya Fortunata, wa Milola, kule bara ya Lindi. Alikuja hapa, akachukua, akaenda akapika kwao, akabadili. Kwa maji yao inafaa, kwa yangu haifai, ndiyo maana ukutani kwangu haipo. Kila mtu na maji yake."

"Kwenye maelezo yako hukusema habari hii."

"Hamkuniuliza napikaje. Mliniuliza nimeiba wapi."

Nasma alirudi kwenye daftari. "Daftari lina chumvi. Wakili wao atasema uliikuta humo, ukaitoa."

"Atasema," Biasha alikubali. "Afande, pale nyumbani kwao nilipika wali, mchuzi na uji wa bibi mgonjwa. Bungo nilifundishwa na shangazi yangu, naye hakuliwekea gesi. Gesi ni yangu. Mimi sisumbuki nikiitwa mpishi mbaya. Lakini mwizi? Hawa wote waliochukua kwangu watakuwa wameandika jina la mwizi majumbani mwao."

*

Jumanne alfajiri Nasma alipanda basi la Lindi, na kutoka Lindi bodaboda mpaka Milola, vumbi jekundu likimfuata hadi masikioni. Huko ni bara, mashamba ya mihogo na ufuta. Mwenyekiti wa kijiji alimpeleka hadi jikoni kwa Fortunata, mama wa miaka hamsini na ushee, mwenye kitambaa cha kwaya kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka kwa Biasha? Mmemfungia genge, nimesikia. Hebu kaa, kwanza unywe. Hapa hapanakiliwi kitu bila kunywa."

"Sijaja kunakili."

"Basi kunywa vilevile."

Bungo la Milola lilikuwa lingine. Tamu, kali ya tangawizi, na mwishoni kitu kidogo kinachoirudisha midomo kwenye glasi. Fortunata alimwonyesha mlango wa jiko. Maelekezo yote yalikuwa pale, kwa rangi nyeupe ya mafuta iliyoanza kupasuka, na chini yake: *Nimechukua kwa Biasha, Nangurukuru, 2021.* Na chini: *Chumvi vijiko viwili vya chai kwa ndoo ndogo: maji yetu ya chemchemi hayana chumvi, ladha inapwaya. Fortunata, 2022.*

Nasma alipiga picha, mwenyekiti akasaini kwamba ameuona mlango. Lakini alishajua kuwa mlango hautoshi. Wakili mwenye ulimi angesema mlango ulipakwa jana.

"Mama, mwaka huu nani amekuja kunakili hapa?"

"Wengi. Masista wawili. Mwalimu wa Rondo. Na yule kijana wa gari."

"Gari gani?"

"Jeupe, la mizigo. Alifika mwezi wa saba. Alinakili hapo mlangoni, daftari pajani. Nikamwekea kikombe, akakataa. Akasema amefunga." Fortunata alikunja uso kana kwamba kikombe kile bado kilikuwa mezani. "Nikasema sawa, siku ya Alhamisi ndugu zetu Waislamu wengine wanafunga. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Mwanangu, ana rozari kwenye kioo! Nikajiuliza, Mkatoliki gani huyu anafunga mwezi wa saba?"

Nasma aliweka glasi chini taratibu. "Alikataa kwa kiburi?"

"Hapana. Kwa aibu. Hakuweza hata kunitazama."

Nasma aliomba kidumu cha maji ya chemchemi. Mwenyekiti alishuhudia kikijazwa, kikafungwa kwa utepe, akasaini juu ya utepe. Kabla hajapanda bodaboda, Fortunata alimkimbilia.

"Ukimwona, mwambie kikombe chake kipo."

Jioni ileile, jua bado liko juu ya minazi, Nasma alikuwa Kivinje kwenye uwanja wa nyumba iliyoanguka, akichota kidumu cha pili kwenye kisima cha babu mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Utepe, saini. Mwenyekiti alimtahadharisha asiyanywe kama ana presha.

*

Jumatano asubuhi uwanja wa kituo ulijaa. Nasma alikuwa amewaita watu wanne tu, lakini Nangurukuru ilikuwa imejiita yenyewe. Sada alikuja na benchi lake. Majiko mawili ya mkaa yaliwashwa, sufuria mbili zikatengwa.

"Hili ni jambo gani?" Saad aliuliza. "Nimeitwa kutambua daftari, sio kupika futari."

"Litambue basi," Nasma alisema. "Ndilo?"

"Ndilo. La babu yangu."

"Na maelekezo yote yaliyomo ni ya babu yako, yeye aliyapika Kivinje kwa maji ya kisima chake?"

"Nimeshasema na nimesaini."

"Hivyo tutayapika kama yalivyo. Asiyapike Biasha, nisiyapike mimi. Afande?"

Inspekta Klementi, ambaye hadi hapo alikuwa akitazama mambo hayo kama mtu aliyekalishwa harusi isiyo yake, alikunja mikono ya shati. Inaonekana alikulia kwenye nyumba ya wavulana watupu, wapishi wakiwa wao wenyewe. Alitwanga tangawizi bila kulalamika, akapima sukari, akahesabu mabungo kwa sauti. Vipimo vilikuwa vilevile kwenye sufuria zote mbili. Chumvi, vijiko viwili vya chai, akavisawazisha kwa kisu huku watu wakinyamaza kama wanatazama penalti.

"Gesi hatuisubiri," Nasma aliwaeleza. "Inachukua siku mbili, na nahitaji jibu kabla ya adhuhuri. Gesi hailifichi wala hailileti ninalolitafuta."

Maji yalipopoa, Klementi alionja sufuria ya kwanza, ya maji ya Milola. Akaonja tena. "Hii ningeinunua," alisema, na benchi la Sada likapiga makofi.

Akaonja ya pili. Uso wake ulikunjika kuanzia kidevuni. Alimeza kwa sababu ya cheo, sio kwa kupenda.

"Sajini," alisema kwa tabu, "hii ni ile dawa ya kuharisha ya zahanati."

"Ni maji ya kisima cha babu yake Bwana Saad. Karibu, Bwana Saad. Miaka ishirini, foleni sokoni."

Saad hakukipokea kikombe. "Bahari inapanda siku hizi," alisema upesi. "Visima vyote vimeharibika. Zamani maji yalikuwa matamu."

Nasma alikuwa akilisubiri hilo tangu Jumatatu. Alifungua jalada, ukurasa wa pili.

"'Tangu nikiwa mtoto maji yake yana chumvi kama machozi. Chai ya bibi tulikuwa tunaimeza huku tumeziba pua.' Saini hii ni yako?"

Mtu mmoja nyuma aliguna.

"Karatasi ya daftari ni ya zamani, sibishi," Nasma aliendelea. "Labda ni daftari la hesabu za babu, kurasa zake zilibaki tupu. Lakini humo ndani kuna tangawizi ya kutwanga ya Tawakali, kuna siku mbili za Sada, kuna chumvi ya Milola. Nilikuuliza kwa nini isizidi siku mbili, hukujua. Sada anajua, Maalimu anajua. Aliyenakili alichukua kila kitu isipokuwa sababu, kwa hiyo hakujua kwamba chumvi ile inafuata maji. Angenakili hapa Nangurukuru, asingenaswa. Lakini hapa watu wanamjua, akaenda kunakili mbali."

Nasma hakuwa akimtazama Saad tena. Alichota kikombe kwenye sufuria ya kwanza akakipeleka mpaka kwenye dirisha la gari jeupe.

"Optatus. Ndilo jina uliloandikisha getini?"

Dereva aliitikia kwa kichwa.

"Mama Fortunata anakusalimu. Anasema kikombe chako kipo."

Rozari ilikuwa inacheza kidogo kwenye kioo, injini haikuwa imezimwa. Kijana akaizima. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakinywa chote bila kupumzika, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Nimetumwa, afande," alisema. "Nilinakili Milola. Bosi akaandika upya kwenye daftari la zamani. Siku ya gulio Biasha alipokuwa sokoni nikaliingiza kwenye unga. Na simu ni mimi." Akameza mate. "Yule mama alinikaribisha kama mwanawe. Nisingeweza kunywa chake halafu nikaja kufanya hivyo. Ndiyo nikasema nimefunga."

"Nyamaza wewe!" Saad alifoka, lakini ilikuwa kama mtu anayefunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua.

Biasha ndiye aliyevuka uwanja. Alisimama mbele ya Saad, na watu wote waliotegemea tusi walisogea ili walisikie vizuri.

"Baba," alimwambia, kama alivyokuwa akimwita enzi za kumpikia uji bibi yake, "ukuta unasema chukua. Ungekuja mchana kweupe, ungenakili, ungepika kiwandani kwako, ungeuza mpaka Dar. Nisingekudai kitu. Kwa nini ulitaka kukiiba kitu ambacho umeshapewa?"

Saad alitazama chini. Manukato yake yalikuwa yameshindwa na moshi wa mkaa. "Mwekezaji hatoi hela kwa kitu alichonacho kila mama wa njiani," alisema mwishowe. "Aliniuliza, ni cha kwako peke yako? Nikasema ndiyo."

Sada, aliyewahi kutaka wabakize siri moja, ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza. Klementi aliwaita askari wawili, akaagiza maelezo mapya yaandikwe, ya mlalamikaji aliyegeuka mtuhumiwa na ya dereva wake, kila mmoja chumba chake.

*

Alasiri Nasma alikwenda mwenyewe kuukata utepe wa genge. Biasha aliingia ndani, akatoka na kopo la rangi ya bluu na brashi iliyokakamaa, akamwekea mkononi.

"Nini hiki?"

"Umegundua jambo ambalo hakuna kati yetu aliyeliandika. Mtu wa pwani akinakili mlango wa Fortunata, ataharibu sufuria nzima. Kanuni ni kanuni. Andika."

"Mimi ni polisi, dada Biasha. Sipiki."

"Ukuta hauulizi kazi."

Watu walishaanza kukusanyika, na mama wa mihogo alikuwa ameacha mihogo yake iungue. Nasma alichovya brashi, akapiga magoti kwenye vumbi pale chini ya mstari wa Sada, akaandika polepole, herufi zake zikishuka kidogo upande wa kulia: *Chumvi ya Milola usiitie kwenye maji ya Kilwa. Nasma Likwata, 2025.*

Akainuka, akampa Biasha brashi.

Biasha hakuipokea. Aliusoma mstari, midomo ikicheza, kisha akaelekeza kidole mahali penye nafasi.

"Sababu hujaweka."

Nasma alifikiri kidogo. Akapiga magoti tena, akaongeza: *Afande Klementi ameonja.*